Pengo lililogoma kufunga: kisa cha waya uliokwama ndani ya braketi

Kwa wiki sita nzima pengo la upande wa kushoto lilisogea sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani halikusogea. Upande wa kulia, kwenye kinywa hicho hicho, kwa waya ule ule na springi ya nguvu ile ile, meno yalikuwa yanarudi nyuma kama tulivyopanga. Nilipoiona tofauti hiyo nilifanya kile ambacho wengi wetu tunaofunga breisi, vile vifaa vya kunyoosha meno, hukifanya: nikaongeza nguvu ya kuvuta. Lilikuwa kosa, na ndilo lililonisukuma kuandika kisa hiki pamoja na vipimo vyake.

Mgonjwa ni binti aliyekuja kliniki kwetu Arusha akiwa na miaka 16. Meno yake ya mbele, juu na chini, yalikuwa yametokeza kiasi kwamba midomo haikukutana mpaka aikaze, na kila alipoikaza kidevu kilijikunja. Amekulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, mahali ambapo maji ya chemchemi na visima vingi yana floridi nyingi kuliko ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa kikomo. Meno yake yana madoa ya kahawia ambayo mtu wa huku huyatambua mara moja. Madoa hayo si suala la sura peke yake. Kabla ya kubandika braketi, vile vipande vidogo vinavyoushika waya kwenye jino, tunapaka asidi kwenye enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino, ili lipate vinyweleo ambavyo gundi itaingia na kushika. Enameli iliyoathiriwa na floridi huikataa asidi hiyo, gundi inashika kwa shida, na braketi hubanduka kwa urahisi zaidi. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo lililoanzisha yote yaliyofuata. Siku ya kwanza kabisa tulimwambia yeye na mama yake: mahindi ya kuchoma, muwa na kutafuna mifupa viwekwe kando mpaka breisi zitoke.

Mpango ulikuwa wa kawaida kwa meno yaliyotokeza namna hiyo. Tuling'oa premola nne za kwanza, yale meno yanayofuata baada ya chonge, moja kila pembe ya kinywa, ili meno ya mbele yapate pa kurudi. Tukafunga braketi za chuma zenye mfereji wa kupitishia waya wa inchi 0.022, yaani milimita 0.56. (Vipimo vya fani hii bado ni vya inchi. Mfereji wa 0.022 ulitoka kwa Edward Angle, Mmarekani aliyeutoa kwenye miaka ya 1920 kwa ajili ya nyaya za dhahabu, na mpaka leo kliniki nyingi zinafanya kazi ndani ya kipimo chake.) Tulianza na nyaya nyembamba za nikeli na titani, zinazopindika bila kukunjika, tukapanda taratibu kwa muda wa miezi minane hadi waya wa kazi: chuma cha pua chenye umbo la mstatili, inchi 0.019 kwa 0.025, yaani milimita 0.48 kwa 0.64. Tuliuacha kinywani mwezi mmoja bila kuvuta chochote, utulie. Kisha tukaweka springi kila upande, kutoka ndoano iliyo mbele ya chonge hadi ndoano ya gego la kwanza, gramu 150 kila moja. Nitaongelea taya la juu tu, maana la chini halikutupa shida.

Kwa njia hii meno sita ya mbele hurudi nyuma kwa pamoja, yakiwa yameshikwa na waya mmoja. Waya wenyewe hauna pa kwenda ila kuteleza kupita kwenye braketi ya premola iliyobaki, kisha kwenye tyubu, vile vijibomba vilivyo kwenye magego, na ncha yake kutokeza nyuma. Kadiri pengo linavyofunga ndivyo ncha inavyozidi kutoka. Ndiyo maana wagonjwa hulalamika kwamba waya unawachoma shavu.

Tulipoanza kuvuta, pengo lilikuwa milimita 5.0 kila upande. Baada ya wiki sita kulia lilikuwa 3.6 na kushoto 3.8, mwendo mzuri kwa pande zote mbili. Siku hiyo hiyo, hata hivyo, binti alikuja na braketi ya premola ya kushoto ikining'inia kwenye waya. Mahindi ya kuchoma, siku mbili kabla. Alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu, na mama yake alishaanza kumsema tangu mlangoni. Nikamwambia, "Mama, mwache, tutaibandika." Nikautoa waya, nikaikwaruza enameli kidogo, nikapaka asidi kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikabandika braketi kwa kukadiria kwa jicho. Ufizi ulikuwa unavuja damu kidogo na nilitaka kuwahi kabla haijafika kwenye gundi. Kisha nikaurudisha waya ule ule mnene. Haukuingia wenyewe. Niliusukuma kwa koleo mpaka ukakaa, nikaufunga kwa raba, nikarudisha springi. Wagonjwa wengine walikuwa wanasubiri kwenye benchi.

Hapo ndipo jino lilipofungwa.

Ziara iliyofuata, wiki ya 12, kulia lilikuwa 2.3. Kushoto 3.7. Mama ndiye aliyeuliza kwanza: "Daktari, mbona huku hakujasogea?" Nikajibu kwamba pande mbili za kinywa hazitembei sawasawa, jambo ambalo ni kweli, ila halikuwa jibu la swali lake. Niliivuta springi ya kushoto zaidi, kama gramu 250 kwa kipimo, na kuwaaga.

Wiki ya 18 kulia lilibaki 1.1, kushoto 3.1. Ukitazama kwa haraka utasema dawa imefanya kazi: milimita 0.6 kwa wiki sita, bora kuliko 0.1. Nilikaribia kuandika hivyo kwenye faili. Kilichonizuia ni kwamba mstari wa kati wa meno ya juu ulikuwa umehamia kulia kwa milimita moja hivi, na chonge la kushoto lilikuwa limesimama pale pale mbele ya chonge la chini kama lilivyokuwa miezi mitatu nyuma. Nikapima magego. Gego la juu la kushoto lilikuwa limesogea mbele nusu milimita juu ya lile la chini. Yaani karibu nafasi yote iliyofungwa ilifungwa kwa nanga kuburutwa, chombo kikabaki kilipo. Magego ndiyo nanga yetu. Kila milimita ambayo magego yanakuja mbele ni milimita ambayo meno ya mbele hayatarudi, na kwa binti huyu meno ya mbele kurudi ndiyo sababu ya kung'oa meno manne mazima.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo ningepaswa kuiona wiki ya 12. Kila ziara nilikuwa namkata ncha ya waya upande wa kulia kwa sababu ilimchoma shavu, na alikuwa na kidonda cheupe hapo. Kushoto, tangu braketi ibandikwe upya, hakuwahi kulalamika. Nilichukulia ukimya wa upande huo kuwa faraja kwake. Kumbe waya ulikuwa hautembei. Siku hizi ninapima ncha ya waya nyuma ya tyubu kabla sijapima pengo lenyewe, maana ncha husema kwanza.

Siku hiyo niliacha kuvuta, nikaanza kutafuta. Niliondoa springi zote mbili na raba zote za nyuma, nikaushika waya mbele ya premola kwa koleo na kujaribu kuutelezesha taratibu. Kulia ulikwenda na kurudi. Kushoto ulikuwa kama umepigiwa msumari. Nikaondoa ugaga uliokuwa umeganda kwenye mdomo wa tyubu ya gego, nikajaribu tena, hakuna tofauti. Nikatazama kama ndoano au braketi ya chini inagonga mahali, hapana. Tyubu haikuwa imebonyea. Kisha nikautoa waya kwenye braketi ya premola tu, nikauacha ndani ya tyubu. Ukateleza. Nikaurudisha kwenye premola. Ukakwama. Swali likawa limejibiwa kwa dakika kumi, baada ya majuma sita ya kulikwepa.

Nilipiga picha ya premola ikiwa na kipande cha waya mnyoofu ndani ya mfereji wake, na kingine juu ya mstari wa meno jirani. Pembe kati ya vipande hivyo viwili ilikuwa nyuzi tano hivi, na hiyo ni baada ya waya mnene kuwa umeshalilazimisha jino kujiweka sawa kwa wiki kadhaa. Nyuzi tano machoni si kitu. Ukimwonyesha mtu barabarani hataziona. Lakini fikiria nafasi iliyopo: mfereji ni milimita 0.56, waya ni 0.48, kwa hiyo uwazi ni milimita 0.08. Kwenye braketi yenye upana wa milimita 3, waya unaweza kuinama nyuzi moja na nusu tu kabla haujagusa kingo zote mbili kwa mshazari. Kuanzia hapo haupiti tena ndani ya mfereji kwa kuteleza, umebanwa.

Nikautoa waya mzima na kuutazama kwa lenzi. Mahali ulipopita kwenye premola ya kushoto kulikuwa na makovu mawili, moja juu na moja chini, yameachana kwa upana wa braketi. Ukingo wa braketi ulikuwa umeuma chuma.

Robert Kusy wa Chuo Kikuu cha North Carolina na mwenzake John Whitley walilipanga jambo hili vizuri katika miaka ya 1990. Walisema ukinzani wa waya ndani ya braketi una sehemu tatu. Ya kwanza ni msuguano wenyewe, ule wa vitabu vya fizikia vya sekondari: vitu viwili vinagusana, vinakandamizwa, vinasuguana. Ya pili ni kukwama, pale waya unapoinama kupita pembe fulani na kingo za braketi kuubana. Ya tatu ni kuumana, pale kubana kunapozidi hadi chuma kinaacha alama na kutembea kunakoma kabisa. Ya kwanza ndiyo inayotangazwa na kuuzwa. Ya pili na ya tatu ndizo zilizomkuta binti huyu, na nadhani ndizo zinazowakuta wagonjwa wengi ambao tunawaandikia "mwendo wa polepole" kwenye faili.

Ukitaka kuielewa sehemu ya pili, vuta droo, ule mtoto wa meza wa kabati la zamani la mninga, kwa kuishika pembe moja. Inajipinda kidogo, pembe mbili zinazokingamana zinabana kuta, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi kujibana. Paka nta, itasaidia kiasi. Shika katikati, itatoka kwa kidole kimoja. Mtu anayeishika pembeni na kuvuta kwa mikono miwili atahamisha kabati.

Hesabu yake haina ugumu, na ningependa kila anayeshika koleo aifanye mara moja kwa mkono wake. Chukua chonge moja la juu linalovutwa nyuma juu ya waya, braketi yake ina upana wa milimita 3. Springi inavuta kwenye braketi, lakini jino halishikiliwi hapo. Linashikiliwa na mfupa unaozunguka mzizi, na kitovu cha ukinzani huo kiko kama milimita 10 juu ya braketi. Ukivuta taji, ile sehemu ya jino inayoonekana, taji linatangulia na mzizi unabaki. Jino linataka kulala. Kinacholizuia lisilale ni waya: ukingo mmoja wa braketi unausukuma juu, mwingine chini. Tuseme tunataka jino lenyewe lipokee gramu 100 na lisogee likiwa wima. Zidisha 100 kwa 10, unapata 1,000. Gawa kwa upana wa 3, kila ukingo unaukandamiza waya kwa gramu 333. Kingo ni mbili, jumla 667. Kipimo cha msuguano wa chuma cha pua juu ya chuma cha pua tukichukulie kuwa 0.15. Zidisha: gramu 100. Maana yake, ili jino lipate 100, springi inabidi ivute 200, nusu ikaishia kwenye kingo za braketi.

Sasa pandisha mahali pa kuvutia. Weka ndoano ndefu itakayoifikisha nguvu milimita 5 juu zaidi, karibu na kitovu. Mkono wa kuzungusha umepungua kutoka 10 hadi 5. Kila ukingo unakandamiza kwa 167, jumla 333, msuguano gramu 50. Springi ya 150 inatosha. Braketi ni ile ile, waya ni ule ule, hakuna kilichopakwa wala kununuliwa. Ndiyo maana nikisikia mazungumzo ya kupunguza msuguano yakianzia kwenye aina ya braketi, huwa naomba turudi nyuma tuanze na pembe, na mahali pa kuvutia.

Kwenye kisa hiki, bila shaka, pembe iliyolifunga jino haikuletwa na springi. Niliileta mimi kwa gundi. Ila matokeo kwa waya ni yale yale, na nyongeza yangu ya nguvu iliyakuta mazingira hayo hayo.

Kuhusu kwa nini gego lilikuja mbele, kuna maelezo mepesi ambayo nami nilifundishwa: kwamba msuguano hula nguvu ya mbele huku nanga ikipokea yote. Nimeacha kuyaamini. Waya na braketi vinasukumana kwa kadiri ile ile pande mbili. Kilichopotea mbele kimepotea na nyuma pia, kwa sababu waya huo huo umeingia kwenye magego. Wakati kila kitu kimekwama, gego nalo halipokei kitu kikubwa. Shida huja pale panapoachia. Mtu akitafuna, meno hutikisika ndani ya utando wao, na kubana hulegea kwa kitambo. Kila kinapolegea, gramu 250 zinafika zote. Magego yana mizizi mingi na mipana, na kwa nguvu ndogo hutulia wakati meno mengine yanatembea. Ukiizidisha nguvu, nayo huamka. Upande wa mbele wa kushoto ulikuwa umeunganishwa na ule wa kulia ambao tayari ulikuwa ukivutiwa kwake. Kati ya gego lililoamka na meno sita yaliyokuwa yakielekea upande mwingine, gego ndilo lililokubali kwa urahisi. Hayo ndiyo maelezo yanayolingana na vipimo vyangu.

Mama alikuwa amefanya uchunguzi wake. Alinionyesha kwenye simu braketi zenye vifuniko, zisizotumia raba. "Hizi wanasema zinateleza, zinakwenda haraka. Tungeongeza hela tukachukua hizi, si asingekwama?" Ni swali la haki, na lilistahili kujibiwa kwa utulivu. Ukiziweka braketi hizo maabara, kwa waya mwembamba wa mviringo na meno yaliyonyooka, msuguano wake kweli ni mdogo sana, kwa sababu hakuna raba inayoukandamiza waya dhidi ya mfereji. Ukiweka waya mnene wa mstatili na kuinamisha braketi nyuzi chache, faida hiyo huyeyuka, kwa kuwa sasa kinachobana ni kingo na si kifuniko. Majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa, yakalinganishwa na kukusanywa pamoja, hayakuonyesha kwamba matibabu yanaisha mapema zaidi. Nilimwambia hivi: "Mama, hata ningemfunga hizo, kama ningeibandika moja imeinama, ingekwama vile vile." Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama basi ni mimi niliyeibandika imeinama. Nikamwambia ndiyo.

Raba zina sehemu yake, nisije nikaonekana nazitetea. Raba mpya huukandamiza waya, na ukiifunga kwa mtindo wa namba nane inakandamiza zaidi. Kwenye premola na popote waya unapotakiwa kupita, sasa nafunga kwa waya laini wa chuma, nikiukaza kisha kuulegeza kidogo. Aina ya waya mkuu nayo ina uzito: chuma cha pua huteleza vizuri kuliko nikeli na titani, na ile aloi ya beta-titani, ambayo naipenda sana kwa kukunjia vitanzi, ndiyo inayong'ang'ania kuliko zote. Kuvutia meno juu yake ni kujitafutia taabu. Braketi za kauri zisizo na mfereji wa chuma huukwaruza waya pia. Haya yote ni kweli, lakini kwa binti huyu hakuna hata moja lililokuwa tatizo.

Marekebisho yalihitaji subira ambayo familia haikuwa imeipangia. Niliibandua braketi, nikapiga picha ya eksirei ya taya zote kuona mwelekeo wa mzizi, nikaibandika upya kwa kipimo cha urefu na kwa kuufuata mhimili wa jino, safari hii nikiwa nimekausha vizuri na kusubiri ufizi uache kutoka damu. Kisha nikarudi nyuma ngazi mbili: waya wa nikeli na titani wa mviringo wa inchi 0.018 kwa wiki sita, halafu wa mstatili wa aina hiyo hiyo kwa wiki sita nyingine, mapengo yakiwa yamefungwa kwa waya laini yasifunguke. Ndipo nikarudisha chuma cha pua cha 0.019 kwa 0.025. Kiliingia kwenye premola kwa kusukumwa na kidole gumba. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko kingine chochote: waya unaoingia kwa kidole utateleza, unaoingia kwa koleo utakwama. Nikauacha mwezi mmoja zaidi bila springi.

Karibu miezi minne ilipita hivyo bila pengo kupungua hata kidogo, na kila ziara binti alitazama kioo kwanza kabla ya kunitazama mimi. Nauli ya kuja ni yao, siku ya shule inayopotea ni yake. Niliacha kuwatoza ziara hizo.

Kwa kuvuta tena sikutaka gego la kushoto liguswe. Niliweka skrubu ndogo ya titani kwenye mfupa, kati ya mizizi ya premola na gego la kwanza, milimita 1.6 kwa 8, kwa ganzi kidogo tu. Kutoka hapo springi ya gramu 150 ilikwenda kwenye ndoano ndefu iliyobanwa kwenye waya mbele ya chonge. Skrubu imekaa juu na ndoano ni ndefu, kwa hiyo mstari wa kuvuta ulipita karibu zaidi na kitovu cha ukinzani wa meno ya mbele, na waya haukuinama ndani ya mifereji ya nyuma kama ungevutwa kutoka chini. Kulia nilifunga tu kwa waya laini, pengo lisifunguke.

Wiki ya pili baada ya kuanza nilipigiwa simu. Waya unamchoma shavu la kushoto. Nilifurahi kiasi cha kumwomba binti arudie.

Kushoto lilitoka 3.1 likawa 1.9, kisha 0.8, kisha 0.2, kila ziara kwa wiki sita. Mstari wa kati ulirudi kushoto nusu milimita, ukaishia hapo. Pengo la kulia tulilimalizia mwisho. Kila ziara niliutoa waya na kuutazama kwa lenzi mahali unapopita kwenye premola: ulikuwa na mikwaruzo ya kawaida ya kupita, bila kovu.

Breisi zilitoka alipokuwa na miaka 18 na nusu. Midomo inakutana bila kukazwa, kidevu kimetulia. Anavaa ritena, kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi yalikotoka, kila usiku. Siku ya mwisho nilimwonyesha mama vielelezo vya plasta vya kabla na baada, nikamwekea kalamu kwenye gego la juu la kushoto. Liko nusu milimita mbele ya mahali lilipopaswa kuwa, na mstari wa kati uko nusu milimita kulia. Alisema yeye haoni. Nilimwambia mimi naona, na nikaandika vipimo vyote viwili kwenye faili, pamoja na tarehe ya braketi ile.